Mtoto Alianzia Wapi?

Mukuru ni neno la lugha ya Wakikuyu, na maana yake ni bonde. Mtu atokaye katikati ya mji wa Nairobi akaelekea mashariki, akiisha kuvipita viwanda vya Lunga Lunga, huliona bonde hilo limejaa nyumba za mabati zilizosongamana hata haijulikani wapi yaishia nyumba hii na wapi yaanzia nyingine. Huko ndiko Mukuru kwa Njenga. Upande mmoja yasimama majumba marefu ya Pipeline. Upande wa pili upo mtaa wa Mukuru kwa Reuben, na ng'ambo yake viwanda. Nao mto Ngong wapita hapo karibu ukichukua takataka za mji. Wakaaji wengi ni vibarua wa viwandani, wachuuzi, wafua nguo na wajenzi, ambao huamka alfajiri wakaenda kwa miguu kutafuta kazi ya siku. Watoto wao huenda shule.

Shule za serikali zilizo karibu ni chache mno kwa watoto wengi namna hiyo. Kwa hiyo makanisa, mashirika na watu binafsi wamejenga nyingine, nyingi zikiwa za mabati vilevile, na sauti ya darasa la nne husikika katika darasa la tano. Masista wa Mercy walianza kazi yao ya elimu katika mitaa ya Mukuru mwaka wa 1985, na wengine wengi wakafuata. Mzazi hulipa karo kidogo kidogo, pengine kila juma, kadiri apatavyo kibarua. Basi mzazi huyo ana haki ya kuuliza fedha yake imefanya kazi gani.

Mwaka wa 2019 nilialikwa kuhudhuria mkutano wa wazazi katika shule mojawapo ya huko. Mwalimu mkuu alisimama mbele ya halmashauri ya shule na wazazi waliojaa katika vyumba viwili vilivyoondolewa ukuta wa kati, akasoma hesabu kwa sauti ya furaha: wastani wa shule katika mtihani wa KCPE mwaka uliotangulia ulikuwa 238, na mwaka ule umekuwa 251. Watu wakapiga makofi. Makofi yalipokwisha, mama mmoja muuza mboga aliinuka, akasema, "Mwalimu, shikamoo. Ya shule nimeyasikia na nimefurahi. Mimi nauliza ya mtoto wangu wa darasa la sita. Alipoingia hapa alikuwa anajua nini, na sasa anajua nini?" Mwalimu mkuu akapekua karatasi zake. La pili alikuwa na jibu lake. La kwanza hakuwa nalo.

Sikumlaumu, wala sasa simlaumu. Swali lile lilikuwa na umri mkubwa kuliko yeye na kuliko shule yake. Katika nchi yetu wazazi wamelipia elimu kwa muda wa karne nzima, na karibu muda wote huo wameambiwa mtoto amefika wapi, bila kuambiwa alianzia wapi.

Turudi nyuma kidogo. Katikati ya miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilianzisha mabaraza ya wenyeji katika wilaya za Waafrika, na moja ya mambo ya kwanza ambayo mabaraza hayo yalitaka ni shule. Watu walikubali kutozwa kodi ya ziada ili shule zijengwe. Mwaka wa 1934 zikaundwa halmashauri za elimu za wilaya, na hata leo katika sehemu nyingi za Kenya utaona shule iitwayo D.E.B., jina lililobaki kutoka siku hizo. Wazee waliokaa katika mabaraza hayo walijua kuhesabu mifugo, mavuno na fedha. Lakini habari za masomo ziliwafikia kwa njia moja tu: fulani amefaulu, fulani ameshindwa.

Mambo yalikazwa zaidi baada ya ripoti ya kamati ya Beecher ya mwaka wa 1949. Ripoti hiyo iligawa masomo ya Waafrika katika vipindi vya miaka minne minne, na mlangoni mwa kila kipindi ukawekwa mtihani. Mtoto wa darasa la nne, ambaye pengine ana miaka kumi na mmoja, aliweza kufukuzwa katika elimu kwa karatasi ya siku moja. Aliyepita hapo alikutana na mtihani wa darasa la nane ulioitwa K.A.P.E. Watu waliuchukia mpango huo kwa sababu nyingi, na wengi waliona kwamba Mwafrika anazuiwa makusudi asipande juu. Mimi nataka kutaja sababu moja ambayo haitajwi sana. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza bila kuijua hata herufi moja, na baada ya miaka minne akaweza kumsomea babu yake barua kutoka kwa mjomba aliye Mombasa, alihesabiwa kuwa ameshindwa. Kazi kubwa iliyofanywa na mtoto huyo pamoja na mwalimu wake haikuwa na mahali pa kuandikwa.

Tusidhani kwamba jambo hili lilikuwa la Afrika peke yake. Huko Uingereza, mwaka wa 1862, Robert Lowe alitunga kanuni ya kuzilipa shule kwa kadiri ya watoto waliofaulu kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya mkaguzi. Matthew Arnold, mshairi ambaye alikuwa pia mkaguzi wa shule, aliipinga vikali. Aliona kwamba walimu watafundisha yale yatakayoulizwa tu, na watoto watakariri vitabu bila kuelewa. Kanuni hiyo ilidumu zaidi ya miaka thelathini kabla ya kutupwa. Waingereza walikuwa wameionja dawa hiyo chungu nyumbani kwao, lakini katika makoloni mtihani uliendelea kuwa ndiyo mizani ya pekee.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, wananchi walijenga shule za harambee kwa mikono yao wenyewe, na watoto waliomaliza shule za msingi wakawa wengi kupita nafasi za sekondari. Mtihani wa C.P.E. ukawa lango jembamba. Mwaka wa 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani walikuja Kenya kuchunguza habari za kazi na mapato, wakaona kwamba mtihani huo hauwatendei haki watoto maskini. Maswali mengi yalidai kukariri, na mengine yalimfaa zaidi mtoto aliyezoea mambo ya mjini na vitabu vya nyumbani kuliko yule anayechunga mbuzi.

Hapo ndipo lilipofanyika jambo ambalo naliona kuwa la maana kabisa katika historia hii, ingawa halimo katika vitabu vingi vya shule. Mtaalamu mmoja wa mitihani, Anthony Somerset, akishirikiana na maofisa wa Wizara ya Elimu, alianza kuyageuza maswali ya C.P.E. ili yapime kufikiri zaidi kuliko kukumbuka. Tena, tangu katikati ya miaka ya 1970, shule zilianza kupelekewa habari za namna mbili. Habari ya kwanza ilikuwa ni orodha ya ubora, yaani wilaya na shule zilizopangwa kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho. Ya pili ilikuwa ni kijarida kilichoeleza mtihani swali kwa swali: swali hili watoto wengi walilikosa, wengi wao walichagua jibu hili, na kosa la mawazo lililowapeleka huko ni hili, basi mwalimu afundishe hivi.

Msomaji aziangalie vizuri habari hizo mbili, kwa maana hazifanani hata kidogo. Orodha humwambia mwalimu ya kuwa ameshindwa na jirani yake. Kijarida humwonyesha la kufanya Jumatatu asubuhi. Somerset mwenyewe aliandika baadaye kwamba mwaka wa kwanza tofauti kati ya wilaya ziliongezeka, kwa kuwa wilaya zilizokuwa na nguvu ndizo zilizowahi kuzitumia habari hizo; kisha, miaka iliyofuata, wilaya nyingi zilizokuwa nyuma zikaanza kuwakaribia wenzao. Kwa mara ya kwanza matokeo ya mtihani yalikuwa yamerudi shuleni yakiwa mafundisho.

Kwa bahati mbaya, kati ya ndugu hao wawili, orodha ndiye aliyependwa. Orodha ni rahisi kusomwa redioni, ni rahisi kuchapishwa gazetini, na kila mtu huielewa kama aelewavyo matokeo ya kandanda. Mwaka wa 1985 mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, C.P.E. iliondoka ikaja KCPE, na kwa muda wa karibu miaka thelathini siku ya kutangazwa matokeo ikawa kama sikukuu. Waziri alisoma majina ya shule bora. Mtoto wa kwanza alibebwa mabegani akizungushwa uwanjani. Shule za binafsi zikatangaza wastani wao katika mabango kando ya barabara. Kijarida cha mafundisho kilikaa kabatini mwa mwalimu mkuu, kama kilifika.

Sasa yafaa tufanye hesabu kidogo, kwa maana bila hesabu mtu hataona ubaya uko wapi. Tuseme shule ina watahiniwa 40, na wastani wao ni alama 240. Jumla ya alama zao ni 9,600. Kati yao wamo watoto 10 walio dhaifu, ambao wastani wao ni 180, yaani jumla 1,800. Mwalimu mkuu asiye mwaminifu akiwaondoa hao 10, akawaambia warudie darasa la saba, au akawaandikisha katika kituo kingine, watabaki watoto 30 wenye jumla ya 7,800. Gawa: wastani mpya ni 260. Shule imepanda alama 20, wazazi watapiga makofi, bango litaandikwa, na hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza neno jipya. Waliojifunza kitu ni wale kumi. Wamejifunza kwamba wao ni mzigo.

Mambo ya namna hiyo yalifanyika, na watu waliyalalamikia kwa miaka mingi. Mwezi wa Novemba 2014, Waziri wa Elimu, Jacob Kaimenyi, alipiga marufuku kupanga shule na watahiniwa kwa orodha. Wengi walifurahi, na wengine wakakasirika, wakisema kwamba mashindano ndiyo yanayoamsha bidii. Kwa maoni yangu, pande zote mbili ziliacha jambo moja pembeni. Kuiondoa orodha hakukumpa mzazi habari nyingine badala yake. Aliyenyimwa kipimo kibaya bila kupewa kizuri hurudi kukisia, na wazazi wa Mukuru walibaki kuichagua shule kwa rangi ya sare na maneno ya jirani.

Na kizuri ni kipi? Muuza mahindi wa Mukuru hupimia wateja wake kwa gorogoro. Mnunuzi mwerevu kwanza hulitazama gorogoro chini, aone kama halikubonyezwa. Maana gorogoro lililobonyezwa huonekana limejaa ilhali mahindi yamepungua. Kisha hutaka jana na leo apimiwe kwa gorogoro lile lile. Maendeleo ya mtoto nayo hudai masharti hayo mawili. Ukimpima mwezi wa Januari kwa mtihani rahisi na mwezi wa Novemba kwa mtihani mgumu, utasema amerudi nyuma naye amekwenda mbele. Hata alama za KCPE, ambazo tangu mwaka wa 2001 zilihesabiwa katika jumla ya 500, zilikuwa zimesawazishwa kwanza ili masomo yalinganike. Zilifaa kumlinganisha mtoto na wenzake wa mwaka mmoja. Hazikutungwa ili zitueleze kama watoto wa nchi wanajua zaidi kuliko waliowatangulia, ingawa kila mwaka wako waliozisoma hivyo.

Mtoto wa kwanza akitoka alama 150 akafika 210, na wa pili akitoka 330 akafika 335, kwa kipimo kile kile, ni yupi shule imemsaidia zaidi? Orodha ingemsifu wa pili na kumnyamazia wa kwanza. Wala nisionekane kana kwamba namdharau wa pili, kwa kuwa huko juu hatua ni ngumu zaidi, na alama tano hapo zaweza kuwa jasho jingi. Ndiyo maana mweleza takwimu hana budi kueleza pamoja mambo mawili: mtoto amesogea kadiri gani, na watoto walioanzia mahali pake husogea kadiri gani kwa kawaida. Huko Marekani, katika jimbo la Tennessee, William Sanders alitengeneza katika miaka ya 1990 hesabu ya kupima mambo hayo kwa shule zote za jimbo. Lakini hesabu zake zilikuwa ngumu mno, hata walimu wenyewe wengi hawakuweza kuzifuata, sembuse wazazi. Kipimo kisichoelezeka mbele ya mkutano hakiwi mali ya mkutano.

Mwaka wa 2009 mambo mawili yalitokea hapa kwetu, na moja lilianzia Mukuru kwa Njenga hasa. Katika mwaka huo Jay Kimmelman na Shannon May walifungua huko shule ya kwanza ya kampuni yao, Bridge International Academies. Katika shule hizo mwalimu alisoma somo kutoka katika chombo kidogo cha kielektroniki alichokishika mkononi, na alama za watoto zilipelekwa kutoka chombo hicho hadi makao makuu. Habari za maendeleo zilikusanywa kwa wingi ambao shule za mabati hazijapata kuuona. Watu waligawanyika juu ya shule hizo. Chama cha walimu na wengine walizishutumu kwa mishahara midogo na kwa kumfanya mwalimu kuwa msomaji wa maneno ya mtu mwingine. Na huko Uganda serikali iliamuru zifungwe mwaka wa 2016. Lakini mwaka wa 2022 wachunguzi, mmoja wao akiwa Michael Kremer aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019, walitoa matokeo ya utafiti wao wa Kenya. Walikuwa wamewalinganisha watoto waliopata ufadhili kwa bahati nasibu na wale waliouomba wakaukosa. Baada ya miaka miwili, watoto wa shule ya msingi waliosoma huko walikuwa mbele kwa kiasi cha karibu mwaka mmoja wa masomo.

Sitaki kuamua hapa ugomvi juu ya shule hizo. Ninachotaka mwanafunzi akitambue ni ule uzuri wa bahati nasibu. Kampuni yoyote yaweza kusema, "Watoto wetu wamefaulu kuliko wengine." Mwenye akili atauliza kama watoto hao walianza sawa na wengine, au kama waliochaguliwa walikuwa wa wazazi wenye bidii zaidi. Bahati nasibu huwagawa watoto bila kumjua mwenye bidii wala asiye nayo, hivyo makundi mawili huanza pamoja mstarini. Hilo ni swali lile lile la mama muuza mboga, isipokuwa limeulizwa kwa maelfu.

Jambo la pili la mwaka wa 2009 ni Uwezo. Kwa kuiga mfano wa Wahindi, ambao tangu mwaka wa 2005 walikuwa na uchunguzi uitwao ASER, watu wa kujitolea nchini Kenya, na baadaye Tanzania na Uganda, walianza kwenda nyumba kwa nyumba na karatasi yenye herufi, maneno, aya moja, na hadithi fupi, pamoja na hesabu za darasa la pili. Mtoto alisoma hapo hapo mlangoni, na mzazi akaambiwa hapo hapo: mwanao yuko kwenye maneno, bado hajafika kwenye aya. Mzazi asiyejua kusoma aliweza kuelewa. Ripoti za miaka ya kwanza zilitangaza kwamba watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliweza kufanya kazi ya darasa la pili, na nchi ikashtuka.

Je, mshtuko huo uliwaamsha wazazi? Wasomi watatu wa Marekani, Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai, walichunguza jambo hilo katika vijiji vya Kenya, wakachapisha majibu mwaka wa 2014. Waliwalinganisha wazazi walioambiwa matokeo ya watoto wao na wazazi wasioambiwa, wakaona kwamba mwenendo wao haukutofautiana. Jibu hilo liliwahuzunisha wengi. Lakini tulilinganishe na jambo lililotokea Uganda. Kati ya mwaka wa 1991 na 1995, shule za msingi huko zilipokea wastani wa asilimia 13 tu ya fedha walizotengewa na serikali, kwa kuwa nyingine zilipotea njiani. Serikali ilipoanza kuchapisha magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, fedha zilizofika zikapanda hata kupita asilimia 80 kufikia mwaka wa 2001. Mzazi wa Uganda aliyesoma gazeti alijua amwendee nani na amwulize nini. Mzazi wa Kenya aliyeambiwa kwamba mwanawe hajui kusoma aya hakuonyeshwa mlango wa kugonga. Pengine alidhani kwamba kosa ni la mtoto.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 iliweka mlango huo, angalau katika karatasi: kila shule ya serikali iwe na halmashauri ya usimamizi, na wazazi wawe na chama chao. Kisha ukaja mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka wa 2019. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Badala ya alama katika 500, ripoti ya mtoto sasa husema kwamba amezidisha matarajio, au ameyafikia, au anayakaribia, au yu mbali nayo. Ni lugha ya upole kuliko ya kushinda na kushindwa. Hata hivyo, mtoto anaweza "kukaribia matarajio" miaka minne mfululizo, na mzazi asijue kama anasogea au amesimama pale pale mlangoni.

Narudi Mukuru. Mwezi wa Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, na watoto wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2021. Hata hawajatulia, mwezi wa Oktoba na Novemba mwaka huo wa 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kufungua njia ya barabara kuu. Nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa, na madarasa pamoja nazo. Wengine walilala katika mahema juu ya vifusi vya nyumba zao. Katika mabomoko hayo zilipotea pia karatasi, yaani kadi za maendeleo na vyeti vya kuzaliwa. Na cheti cha kuzaliwa ndicho kilichotakiwa ili mtoto apewe namba katika daftari la serikali la wanafunzi, lililoitwa NEMIS. Mtoto aliyehamia shule nyingine bila karatasi alikuwa kama mtu asiye na jana. Mwalimu mpya alimwona alivyo siku ile tu.

Mwaka wa 2022 nilirudi katika shule ile ile iliyoulizwa swali. Ilikuwa imehama kidogo, paa jipya, ukuta wa kale. Mwalimu mkuu alikuwa ameandika ubaoni, kwa chaki, orodha ya watoto wa darasa moja bila majina, kila mmoja na herufi yake ya siri, na mbele yake safu mbili: alisoma nini mwezi wa Januari, na anasoma nini sasa, kwa karatasi ya kusoma ya namna moja. Alieleza polepole kwa Kiswahili, akionyesha kwa fimbo. Huyu alikuwa kwenye herufi, sasa yuko kwenye aya. Huyu alikuwa kwenye hadithi, bado yuko kwenye hadithi, nasi tunatafuta vitabu vigumu zaidi. Huyu amesimama, tunamwomba mzazi wake aje tuseme naye faraghani. Watu walisikiliza kimya, na maswali yalikuwa mengi kuliko ya siku zote.

Ndipo mzee mmoja wa halmashauri, fundi wa viatu, akanyoosha mkono. "Mwalimu," alisema, "mimi si msomi, lakini nimehesabu. Safu ya Januari ina watoto 43. Safu ya sasa ina 31. Hawa kumi na wawili wako wapi?"

Mwalimu mkuu alisema kwamba watano wanajulikana kuwa wamehamia Kayole na Njiru baada ya bomoabomoa, na watatu walipelekwa mashambani kwa nyanya zao. Wanne hakujua walipo.

Mzee akauliza kama wale wanne walikuwa miongoni mwa waliosoma vizuri au miongoni mwa waliosoma vibaya. Mwalimu mkuu akatazama ubao. Watatu walikuwa kwenye herufi.

Halmashauri haikusoma wastani siku hiyo. Iliwachagua wajumbe wawili, mzee yule na mama mmoja aliyewajua wapangaji wengi wa Pipeline, wakapewa majina manne katika kipande cha karatasi, na mkutano ukaendelea na habari za choo na mapaa.